Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Babu

Mama,

Keti kwanza. Huko uliko, kama kuna kistuli kama kile chako cha kuchambulia mboga, kivute ukae, maana mimi mwenyewe nakuandikia nikiwa chini sakafuni. Tangu juzi sijala kitu cha maana. Mjukuu wako Brenda ananiambia, "Mathe, si unywe hata chai," na mimi namwangalia tu kama mtu asiyejua chai ni nini. Nimeona mwandiko wako, Mama. Nimeuona ndani ya faili la serikali, ulioandika ukiwa mtoto. Na sijui nikulilie au nikugombeze.

Ngoja nikusalimie, usije ukasema siku hizi naingia kwa watu bila hodi. Sisi tuko. Chumba chako hapa Kibera, Kisumu Ndogo, sikukiacha, nalala humo na mjukuu wako, ila kitanda nimekigeuza kwa sababu wiki za kwanza nilikuwa nikifungua macho nakuona. Mama Akinyi wa omena bado anatandika pale pale na mdomo wake ni ule ule, lakini akifika mlangoni kwako anashusha sauti. Meza yako ya mboga ina msichana kutoka kwetu. Mtoto mzuri, ila hajui kuchambua, anaacha vijiti kwenye kunde. Ungemfukuza mchana kweupe. Kanisani kiti chako hakikukaliwa na mtu miezi mitatu, halafu akaja mgeni asiyejua, akajitupa hapo, na watu wote wakanyamaza. Mimi bado naandika misalaba.

Hiyo misalaba ndiyo iliyoniponza. Kazi yangu unaijua: fundi anapiga majeneza na misalaba pale kando ya barabara, mimi napaka nyeupe, ikikauka naandika kwa nyeusi, jina, alizaliwa, alilala. Watu wanatoka hadi Satellite na Kawangware kunitafuta kwa sababu ya mkono wangu. Na mkono huo ni wako. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi kwa kipande cha makaa juu ya katoni kabla sijaingia shule, ukinichapa vidole kila herufi ikilala. Hata msalaba wangu wa kwanza ulinipa wewe, nikiwa na miaka kumi na miwili. Huo nitaurudia. Sasa hivi siwezi.

Basi, mwezi uliopita Hezroni akanipigia simu kutoka nyumbani. Hezroni, mjukuu wa baba yako mdogo Manase, ndiye siku hizi analikalia boma mlimozaliwa. Wameamua kujengea makaburi kwa saruji na kuita watu kwa ibada ya ukumbusho Desemba. Makaburi matatu: la Nyanya, mama yako, la Manase, na la baba yako, Babu Zakayo. "Dada Jerusa, wewe ndiye mwenye mkono," akasema. "Tuandikie misalaba mitatu. Na huo wa Babu Zakayo, tafuta tarehe aliyokufa. Hauwezi kukaa tupu, watu watatucheka."

Nikakumbuka maneno yako ya siku za mwisho, ukiwa umegeukia ukuta. "Wakijengea makaburi, la baba yangu waliache na majani yake." Nilidhani ni homa inasema. Nikakujibu, "Sawa, Mama," vile mtu anavyomjibu mgonjwa.

Kwamba ndani ya kaburi la Babu hakuna Babu, hiyo haikuwa siri. Sote tulikua tukijua. Alitoka kwenda kutafuta kazi ukiwa mdogo, mwaka ukaisha, wa pili, wa tano, hakuna barua wala mtu aliyemwona. Na kwetu mtu hapotei tu hivi hivi. Mke wake anakuwa si mke na si mjane, watoto hawajui wanyoe au wangoje, na roho yake inazunguka nje bila pa kulala. Wazee wakakata mgomba wa kimo chake, wakaufunika koti aliloliacha, wakaulaza kaburini na watu wakaangua kilio. Baada ya hapo Manase akaichukua nyumba ya kaka yake pamoja na mke wake, kama desturi ilivyomruhusu. Uliniambia habari hiyo mara moja tu maishani. "Niliulilia mgomba kama mtu," ukasema, halafu ukaniambia nikupe chumvi.

Sasa tarehe ya mtu kama huyo unaipata wapi? Brenda ndiye aliyesema, "Mathe, enda kwa zile faili za serikali kule tao. Wameweka hadi barua za machifu wa kitambo." Nikacheka. Serikali ihifadhi barua za watu wa kwetu, za nini? Lakini nikaenda mjini, kwa hilo jumba la nyaraka. Mlangoni wanachukua mfuko wako, na ndani hawataki kalamu ya wino. Kuna mama mmoja wa Kikamba anayeleta mafaili, mtu wa makamo, miwani yake ameifunga kwa uzi wa kushonea. Aliponiona natoa biki akanijia mbio. "Dada, hapa wino hauingii. Penseli tu." Mimi, ambaye rangi nyeusi imenijaa hadi ndani ya kucha! Nikapewa penseli kama mtoto wa nasari.

Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta babu yangu, siku aliyokufa. Basi tukamtafuta kwa wafu. Nilikwenda siku tatu, kila wiki siku moja kwa sababu ya kazi. Vitabu vya vifo vya kwetu, orodha za waliofia hospitali, waliofia mashamba ya wazungu, waliookotwa barabarani na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni na hakuna anayewajua. Maisha yangu yote naandika majina ya wafu nikadhani nimewazoea. Wapi! Siku ya pili nilitoka pale kichwa kinaniuma, nikanunua ndizi, nikaiangalia, nikashindwa kuila. Na Zakayo Asava hakuwemo popote.

Siku ya nne, yaani juzi, yule mama alikuja na faili moja tu, limefungwa kamba, kona imeliwa na mchwa. "Dada," akasema, "huyu mtu wako kwa waliokufa hayuko. Nimekuletea malalamiko. Anayelalamika ni mzima." Nikacheka kidogo kwa adabu, nikalifungua.

Nilikuwa napindua tu, kesi za mipaka, kesi za ng'ombe, mara jina likaruka machoni. Zakayo Asava. Barua kwa Bwana DC, imeandikwa na wale waandishi wa kukodiwa, na chini yake alama ya kidole gumba. Niliinakili yote kwa penseli, nakuandikia ilivyo:

"Bwana DC, mimi Zakayo Asava nilikwenda Tanganyika kazi ya mkonge. Huko nilivunjika mguu wa kushoto na nikaugua sana miaka mingi. Sasa nimerudi kwangu na nimekuta kaburi langu. Ndugu yangu Manase anakaa nyumbani mwangu. Wazee wamenizuia langoni, wanasema mimi nilikwisha liliwa na kutupiwa udongo, na aliyezikwa haingii bomani, akiingia ataleta kifo. Nimelala nje ya lango siku mbili. Chifu ameniandika katika kitabu chake nimekufa. Naomba Serikali iniandike mimi ni mzima. Sasa nakaa Kawangware, Nairobi, nafua majiko ya bati."

Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu midomo ilikuwa inasema, na mtu wa meza ya pili akanitazama. Mama yoo! Mgomba umelala chini na koti la watu, mwenye jina lake yuko langoni anabisha hodi, na wanamwambia rudi, umekufa! Nilishika ile alama ya kidole. Unajua hawaruhusu kushikashika, lakini nilishika. Niliona kidole cha mtu aliyekuwa anaomba kuandikwa kwamba yuko hai, na mimi wiki nne nzima nimekuwa nikimtafutia tarehe ya kufa.

Na usifikiri hapo nilikuwa nimekufikiria wewe. Nilikuwa na hasira na Manase. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Hezroni.

Nikageuza. Karatasi ya pili, DC anamwandikia chifu aulize familia. Ya tatu, chifu anajibu kwamba amewauliza, na maneno yao ameyaambatisha. Ya nne ndiyo hayo maneno yenyewe, karatasi ya daftari la shule, wino wa buluu.

Mama, kabla sijasoma neno hata moja nilijua. Mimi nimeishi kwa miandiko. Ile g ambayo mkia wake unarudi nyuma chini ya neno kama jembe. Ile k iliyotanguliza mguu. Ndiyo g niliyochapiwa vidole. Ndiyo k ninayoiandika mimi kila siku kwenye misalaba ya watu.

"Sisi wa boma hili tunasema mtu huyo hatumjui. Zakayo alikufa na tulimzika na tulimlilia. Huyo ni mwongo, anatafuta shamba la watu. Ninayeandika ni mimi Rispa, mtoto wa marehemu Zakayo, kwa sababu wakubwa hawajui kuandika. Nimemwona mtu huyo langoni kwa macho yangu. Si baba yangu."

Chini yake kidole cha Manase na kidole cha Nyanya. Na juu, kwa wino mwekundu, mtu wa ofisini ameandika maneno machache tu: familia imemkana, shauri limefungwa.

Niliinuka. Sijui nilimwambia nini yule mama, sijui kama niliaga. Nilijikuta nje kwenye ngazi, jua la saa saba linaniwaka utosini, watu wananipita na shughuli zao. Nilikutukana, Mama. Nisamehe, lakini nilikutukana. Wewe! Wewe uliyenichapa kwa fimbo ya mpera kwa sababu nilisema sikulamba sukari! Wewe uliyekuwa ukisimama kanisani kushuhudia, sauti haitetemeki, "Mimi sijawahi kumkana mtu." Kumbe ulimkana baba yako mzazi ukiwa na miaka kumi na miwili kwa tarehe ya karatasi, kwa mwandiko mzuri, bila kufuta hata herufi moja. Nililia kwa sauti pale ngazini kama mwenda wazimu, na wala sikujali.

Yule mama wa Kikamba alinifuata. Alikuwa ameshika penseli yangu, ile niliyoiacha mezani. Akakaa kando yangu, akanirudishia. Halafu akasema, polepole, "Dada, karatasi ina nyuma. Ile ya mwisho hukuigeuza."

Nikarudi ndani. Akanisogezea, nikaigeuza mwenyewe.

Nyuma ulikuwa umeandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo, karibu zimefutika:

"Bwana DC, maneno ya mbele nimeambiwa na baba mdogo, niliyaandika kwa sababu alisimama hapa na fimbo. Wao hawajui kusoma. Mtu huyo ni baba yangu. Aliniita mama langoni kama alivyokuwa akiniita, kwa sababu nina jina la mama yake. Lakini asirudi. Nimewasikia wazee wakisema akivuka lango watamfanya awe maiti kweli. Tafadhali mwambie akae huko huko Kawangware. Nikikua nitakuja. Usimwambie chifu."

Ai, Mama.

Hakuna aliyeigeuza. Hakuna mhuri nyuma, hakuna alama, hakuna kitu. Yule mama alivua miwani yake akaifuta kwa kitambaa. Alisema faili hilo amelibeba mara nyingi akiwapelekea watu wengine, na nyuma ya karatasi hiyo hakuwahi kuitazama mpaka alipokuwa anapanga nilizoziacha wazi. Mtoto wa shule aliandika kwa penseli apate kumwokoa baba yake, na ikakaa hapo gizani mpaka mimi nimezeeka. Baba yako alijibiwa upande wa mbele tu. Aliambiwa familia yake imemkana, basi. Akafa akijua hivyo?

Hapana. Hapana, hakufa akijua hivyo. Na hapo ndipo nilipolazimika kukaa chini tena, kwa sababu kichwa changu kilianza kukusanya vitu kimoja kimoja. Kawangware. Majiko ya bati. Mguu wa kushoto.

Mzee wa Majiko.

Kila Jumamosi, Mama! Kila Jumamosi ya utoto wangu, mimi na wewe kwa miguu kutoka hapa Kibera, tunavuka Ngong Road, tunapita Satellite, hadi Kawangware kwa kile kibanda cha mabati kilichojaa moshi na kelele za nyundo. Ugali umeufunga kwa kitambaa, mboga ya mrenda kwenye kopo, Krismasi kuku. Ukituambia, "Ni mzee wa kanisa hana mtu." Anachechemea, anaweka nyundo chini, anasema, "Umekuja, mama?" Nikadhani anakuita mama kama kila mtu anavyomwita mama kila mtu. Nairobi nzima ni mama na mama!

Na wewe hukuwahi kuingia ndani. Hata siku moja. Hukumpa mkono. Chakula ulikiweka juu ya jiwe lililokuwa kando ya mlango, unarudi nyuma hatua mbili, halafu unaniambia mimi, "Mpe." Mimi ndiye niliyekiinua nikampa mkononi. Akimaliza ananirudishia kopo mimi, mimi nakupa wewe. Niliona haya kwa ajili yako. Nilisema moyoni, huyu mama yangu anaringa, analeta chakula lakini anamwona mzee mchafu. Kumbe ulikuwa umemlilia na kumtupia udongo kwa mkono wako, na mkono huo ulikatazwa kugusana na wake. Mimi sikuwepo siku ya mgomba. Mkono wangu ulikuwa huru. Ulikuwa ukimpa kwa mkono wangu.

Na siku ile niliyosema, "Mama, tumwache huyu mzee, ananuka moshi"? Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nimechoka kutembea. Hukunichapa. Hapo Satellite ulikaa ukingoni mwa barabara ukafungua leso, ukaifunga upya, ukaifungua tena. Nilisimama nikikuhimiza twende. Naomba msamaha, Mama. Naomba kwako na kwake.

Alipokufa mlikwenda kumzika na majirani zake wa Kawangware kwenye makaburi ya umma. Mimi uliniambia nibaki na shule. Uliporudi ulikuwa umenyoa kichwa, kipara kabisa. Baba yangu akauliza ni nini. Ukasema chawa. Tukacheka nyumba nzima, mwanamke msafi kama wewe kupata chawa! Na wewe ukacheka na sisi. Kwetu mtoto hunyolewa akifiwa na mzazi, na sisi tukakucheka.

Ulimpataje, lakini? Hilo ndilo sitalijua. Najua uliolewa, ukaletwa Kibera, na kabla hujajua choo kiko wapi ulikuwa umeanza kuulizia wafua majiko wa Kawangware, nakujua wewe. Uliahidi utakuja ukikua. Ukakua, ukaja.

Jana nilikwenda. Kwa miguu, njia yetu ile ile, ingawa imejaa maghorofa na sikuijua nusu yake. Kibanda hakiko, pale ni saluni ya kusuka. Lakini jiwe lipo! Lipo, Mama, wamelifanya kidaraja cha kuingilia, limesuguliwa na viatu vya watu. Nilisimama nikalikodolea macho mpaka msichana wa saluni akatoka akauliza kama nataka kusukwa. Nikamwambia, "Hili jiwe ni la babu yangu." Alinitazama, akaona uso wangu ulivyo, akaita mwenzake wa ndani wakanisaidia kuling'oa. "Beba tu, mathe," akasema, "tutaweka tofali." Nililifunga mgongoni kwa leso yako nikarudi nalo hadi Kisumu Ndogo. Mama Akinyi aliniona nikipita, akafungua mdomo, akaufunga. Hiyo pekee ungelipia kuiona.

Leo asubuhi nimempigia Hezroni. Nimemsomea barua zote, ya mbele na ya nyuma.  Halafu akasema, "Dada, hayo wazee walishayamaliza. Andika tarehe yoyote tu." Nikamuuliza, wazee gani waliomaliza, waliomweka mtoto mbele na fimbo nyuma? Nikamwambia mgomba mimi siuandikii tarehe. Basi akapandisha sauti. Akasema nikifika Desemba na maneno hayo, lango litafungwa kwangu pia, na hao wengine wa ukoo watamuunga mkono, kwa sababu mtu akianza kufukua maneno ya kaburi mwisho wake anafukua mipaka ya shamba. Sitaki shamba, Mama. Nilimwambia hivyo. Sidhani aliniamini.

Naogopa, sikufichi. Nimekuwa mtu wa nyumbani kwa ajili ya ibada na mazishi tu, na sasa hata hayo naweza kuyakosa. Brenda anasema twende naye, yeye atawarekodi kwa simu wakithubutu. Mtoto wa siku hizi.

Sasa ule msalaba wangu wa kwanza. Nimekwepa kuuandika tangu mwanzo wa barua, lakini wewe umeshajua nakwenda wapi. Ilikuwa siku moja kabla hujanyoa. Ulirudi na mbao mbili zimepigwa msumari, mkebe wa rangi uliobaki kwa jirani, na brashi ya kupaka viatu kiwi. Ukaniketisha mlangoni. Ukaniambia, "Wewe una mkono mzuri. Niandikie." Nikauliza jina. Ukakoroga rangi. Nikauliza tena, Mama, jina lake nani? Ukasema, "Andika BABA." Nikasema, baba ya nani? Msalaba hauandikwi hivyo, lazima iwe ya mtu. Ukanishika mkono wangu juu ya brashi, mkono wako ulikuwa baridi, ukasema, "Andika tu, Jerusa. Andika Baba." Na tukaiandika pamoja, mimi na wewe, herufi nne, rangi ikachuruzika kwenye B ya pili. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, umri wako ulipoandikishwa ile barua.

Kwa hivyo misalaba ya Hezroni nimemwandikia miwili, ya Nyanya na ya Manase, na itapelekwa na basi. Wa tatu nitaubeba mwenyewe. Umekauka hapa mbele yangu, umeegemea kitanda chako. Hauna tarehe. Nimeandika hivi tu: ZAKAYO ASAVA, BABA WA RISPA. Serikali aliiomba imwandike mzima ikakataa. Mimi nimemwandika kuwa wako.

Nakuahidi hivi. Desemba nitafika langoni na msalaba mkononi na jiwe mgongoni. Wakinizuia nitalala nje siku mbili kama alivyolala yeye, na ya tatu nitaingia. Jiwe nitalitua pale ulipo mgomba, nitaweka ugali juu yake na mrenda, usio na vijiti, na sitarudi nyuma hata hatua moja. Nitakaa kando yake nile naye.

Lala sasa, Mama. Mimi sina hasira tena, nina mshtuko tu, na huo utaisha wenyewe. Ukimwona huko, mpe chakula kwa mkono wako mwenyewe. Na ukimwona akikuuliza ya ile barua, mwambie mjukuu wake ameigeuza.

Ni mimi mtoto wako,
Jerusa